Miche Iliyopandwa na Miche Iliyosimama

Mvua inayonyesha Bel-Air, Lubumbashi, haibaki Bel-Air. Huteremka kwenye kanivo za mtaa, zile ambazo hazijazibwa na chupa na mifuko, ikaingia vijito vya Kampemba, ikafika Kafubu, na Kafubu ikaimwaga Luapula. Kutoka hapo maji hupita ziwa Mweru, hushika mto Luvua, hukutana na Lualaba huko Ankoro, kisha hufuata mto Kongo mpaka Banana na Muanda, kwenye Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mkaaji wa Lubumbashi, aliye kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 na mbali na kila bahari, ana pwani yake chini ya mto. Bahari ya Hindi nayo humfikia kwa lori, kwa kuwa mizigo mingi inayopita mpaka wa Kasumbalesa imeshushwa Dar es Salaam. Hata sahani ya bukari na ndakala, ugali na dagaa wetu, ina ufuo nyuma yake, ufuo wa Tanganyika.

Nataja hayo kwa sababu habari za kuzisaidia jamii za pwani kuhimili mabadiliko ya tabianchi, zikifika kwetu, husikika kama habari za watu wengine. Sivyo. Nchi yetu ina ufuo wa bahari wa kilomita 37 hivi. Huko Muanda genge la mchanga linamegwa na mawimbi, na nyumba na njia zilizo ukingoni zinakwenda nalo. Kwenye mlango wa mto Kongo iko Hifadhi ya Baharini ya Mikoko, iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu mwaka 1996. Humo mikoko hukatwa kwa ajili ya makala (mkaa) na kwa kukaushia samaki. Mmomonyoko wa Muanda ulikwisha kutajwa katika PANA, mpango wa taifa wa hatua za dharura za tabianchi uliokamilika mwaka 2006. Mradi wa kuukabili, kwa fedha za mfuko wa mazingira wa GEF na usimamizi wa PNUD, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulikuja miaka mingi baadaye. Karatasi zilipokuwa zikisubiri sahihi, genge halikusubiri.

Kuchelewa kwa fedha ni lalamiko la kila mahali, na ni la haki. Ila nikifuatilia miradi ya aina hii kutoka Gazi ya Kenya hadi Rufiji ya Tanzania, naona kasoro iliyo kubwa kuliko kuchelewa. Mradi una siku ya kufungwa, na kila kilichomo hupangwa ili kihesabike siku hiyo: mita za ukuta, idadi ya miche, idadi ya waliohudhuria semina. Kazi ya kuhimili tabianchi, kwa upande wake, huanza siku ya pili yake, gari la mradi likiwa limeondoka, na bahari ikiendelea kujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kitakachobaki: nani alikuwa mwenye ardhi ile kabla ya mradi, na nani atapata hasara mche ukifa. Hati nyingi za miradi haziyajibu yote mawili.

Mahali pasipo na mwenyewe

Tuanze na mikoko, maana ndiyo kipenzi cha wapangaji. Sifa zake ni za kweli. Hupunguza nguvu ya mawimbi, hushika tope, hulea samaki na kamba wachanga, na huficha kaboni nyingi ardhini. Tena upandaji wake unapendeza machoni: asubuhi maji yamekupwa, mgeni rasmi yupo, wanafunzi wamevaa fulana za mradi, na kabla ya jua la utosi miche elfu kadhaa imesimama topeni.

Tatizo huanzia kwenye uchaguzi wa mti. Mkoko wenyewe, ule wa jamii ya Rhizophora, ni rahisi mno kupanda. Mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ikawa ndefu na yenye ncha. Unaiokota, unaichomeka, umemaliza. Mlilana, ambao kwa asili husimama mbele kabisa kukabili mawimbi, una mbegu ndogo zinazotaka kitalu na mlezi. Wakata boriti na wavuvi wa pwani ya Waswahili wanazijua safu hizi bila ramani: mlilana mbele, mkoko nyuma yake, halafu mkandaa, na mchu ukienda mpaka kwenye ardhi kavu ya chumvi. Mradi unaotafuta idadi huchukua mkoko na kuuchomeka mahali pa mlilana, au mbele zaidi, kwenye tope tupu linalofunikwa na maji saa nyingi kupita kiasi. Mche hukosa pumzi, huvamiwa na magamba ya baharini, na bamvua zikija huung'oa.

Ufilipino ilijifunza hili kwa gharama kubwa. Mwaka 2008 watafiti Primavera na Esteban walichapisha tathmini ya miongo ya upandaji wa mikoko nchini humo. Pamoja na mamilioni ya dola yaliyotumika, miche iliyosalia kwa muda mrefu ilikuwa kati ya asilimia 10 na 20 tu. Waliopanda hawakuwa wajinga wa mimea. Mahali panapofaa palikuwa pamekwisha kugeuzwa mabwawa ya kufugia samaki, na mabwawa yana wenyewe, wenye hati na mawakili. Tope la mbele halikuwa na mwenyewe. Basi miche ikapelekwa pasipo na ugomvi, ikafia huko.

Delta ya Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, inaonyesha upande wa pili. Hapo ndipo penye msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko nchini Tanzania, na mahali panapofaa kupandwa pana watu. Kwa vizazi, Warufiji wa upande wa kaskazini wa delta wamelima mpunga ndani ya maeneo ya mikoko, wakitegemea maji matamu ya mto kuisukuma chumvi. Shamba likichoka huachwa, na mikoko huota tena. Kisheria, hata hivyo, misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, na kwenye ramani ya ofisini mkulima huyo huitwa mvamizi. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett waliandika katika jarida la Global Environmental Change kwamba mipango ya kuihifadhi mikoko hiyo kwa ajili ya kaboni, waliyoihusisha na shirika la uhifadhi la WWF, ilikuwa ikiwasukuma wakulima nje ya delta. WWF ilipinga maelezo yao. Mabishano hayo tuwaachie wenyewe, lakini swali la kazi linabaki palepale. Ikiwa kupanda mti maana yake ni kumwondoa mtu shambani kwake, nani atakayekuwapo kuulinda mti huo mradi ukifungwa? Mlinzi mmoja wa misitu, mwenye mtumbwi usio na mafuta, hawezi kulinda delta nzima dhidi ya watu wanaouona kila mche kama hati ya kufukuzwa.

Ukuta na mchanga wake

Ukuta una fadhila ambayo mche hauna: huanza kazi siku uliyokamilika. Kupitia Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, Tanzania ilipata dola milioni 5 na ushei kwa mradi ulioidhinishwa mwishoni mwa mwaka 2011, ukitekelezwa na Ofisi ya Makamu wa Rais pamoja na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Matunda yake yanayoonekana zaidi ni kuta za bahari jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Barack Obama na upande wa Kigamboni. Mradi mwingine wa miaka hiyohiyo, uliofadhiliwa na mfuko wa GEF wa nchi maskini zaidi, ulifanya kazi Pangani, Bagamoyo, Rufiji na Zanzibar. Huko Pemba, kwenye Kisiwa Panza, maji ya bahari yalikuwa yakiingia mashambani. Bagamoyo, visima vifupi vilikuwa vimegeuka chumvi.

Siudharau ukuta. Barabara iliyo mita chache kutoka baharini, yenye hospitali na ofisi pembeni, haiwezi kungoja mti ukue. Ila fundi yeyote wa pwani atakuambia kwamba ukuta hauli nguvu ya wimbi, huirudisha. Wimbi linaporudi huchimba mchanga miguuni mwa ukuta, na kwenye ncha zake mbili ufuo wa jirani huanza kulika. Ndiyo maana ukuta unahitaji kukaguliwa na kuzibwa kila mwaka, na kazi hiyo haina uzinduzi wala utepe wa kukata. Inahitaji mstari katika bajeti ya manispaa, mstari uleule unaofutwa kwanza mapato yanapopungua. Mfadhili hulipa jiwe, na halmashauri hurithi ufa.

Tena mara nyingi chanzo cha ugonjwa hakiko pale ukuta unapojengwa. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, ufuo ulilika sana katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, na kuta fupi zilizoingia baharini zikajengwa mbele ya mahoteli ili kuunasa mchanga. Mchanga ulionaswa kwa mmoja ukakosekana kwa mwenzake. Wakati huohuo malori yalikuwa yakichimba mchanga wa ujenzi katika vijito vinavyoulisha ufuo huo. Jiji lilikuwa likibomoa ufuo wake bara, kisha likiutetea kwa mawe baharini. Mikoko ya kijito cha Mwache, Mombasa, ilipata dhara kama hilo kwa njia nyingine: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka bara, likafukia mizizi ya kupumulia, na sehemu kubwa ya msitu ikafa wima. Mradi wa ufuoni usio na neno la kusema juu ya mto una nusu ya ramani tu.

Gazi hulipwa kwa mti uliosimama

Kusini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kwale, kuna ghuba ya Gazi. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa sana kwa kuni za viwanda. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, akiwamo James Kairo, walianza majaribio ya kuirudisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walitumia miaka mingi kujua mti gani unakubali wapi. Mwaka 2013, zaidi ya miaka ishirini baadaye, ndipo ulipozaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Vijiji vinalinda hekta 117 za mikoko kwa makubaliano na idara ya misitu ya Kenya, chini ya sheria inayovipa vyama vya jamii haki ya kushiriki kusimamia msitu wa serikali. Kaboni inayozuiwa au kunyonywa, tani 3,000 hivi kwa mwaka, inathibitishwa kwa kanuni za Plan Vivo na kuuzwa kwa wanunuzi wa hiari. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Wanavijiji huamua matumizi katika mikutano yao, na fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na vitabu vya shule. Kwa kuwa watu hawaachi kujenga wala kupika eti msitu unalindwa, ilipandwa pia mivinje ya kutoa nguzo na kuni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta, na baadaye jirani zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha wao wa hekta 460 hivi.

Wengi husifu Gazi kwa neno "ushirikishwaji". Mimi nasifu jambo kavu zaidi, yaani mkataba wake. Mkataba huo haulipi kwa mche uliopandwa, hulipa kwa msitu uliokutwa umesimama mwaka ule. Upepo ukiangusha miti, au kijana akikata boriti usiku, hasara inaonekana kwenye hesabu ya kijiji, na bomba la maji linachelewa. Aliye karibu na mti ndiye anayebeba hasara ya kufa kwake, na ndiye pia mwenye haki iliyoandikwa ya kumzuia mkataji. Yale maswali mawili yana majibu ya maandishi.

Gazi nayo si ya kuabudiwa. Hekta 117 ni sehemu ndogo hata ya ghuba yenyewe, sembuse ya hekta 61,000 na ushei za mikoko ya Kenya, ambazo zaidi ya nusu ziko Lamu. Dola 12,000 zikigawanywa kwa maelfu ya watu haziwezi kuwa mshahara wa mtu, ndiyo maana hutumika kwa vitu vya pamoja. Bei nayo iko mikononi mwa wanunuzi wa Ulaya, ambao wanaweza kubadili nia. Na mnunuzi hulipa ili aendelee kutoa moshi wake, jambo ambalo mvuvi wa Gazi, anayeona maji yakipanda, ana haki ya kulihoji. Anayetaka kuileta Gazi Muanda asilete kwanza soko la kaboni. Alete ile kanuni ya kulipa kwa kilichobaki, juu ya haki iliyoandikwa.

Ziwa lililorudi kwake

Kwa msomaji wa Haut-Katanga, pwani iliyo karibu kimaisha kuliko Muanda ni Kalemie. Kabla ya Katanga kugawanywa mwaka 2015 tulikuwa jimbo moja. Ziwa Tanganyika lina nchi nne na mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, na mlango huo uko Kalemie. Katika karne ya 19 Lukuga ulikuwa umezibwa na mchanga na majani. Mvumbuzi Mwingereza Cameron aliukuta hivyo mwaka 1874, na Stanley akauona mwaka 1876. Ziwa likapanda mpaka likavunja kizuizi mnamo 1878, kisha likashuka kama mita kumi kabla ya karne kwisha. Ardhi iliyobaki nyuma ilikuwa tambarare na yenye rutuba. Kalemie, Uvira, Bujumbura na Ujiji zimejitanua juu ya ardhi za namna hiyo.

Tangu 2020 ziwa limekuwa likizirudia. Mwaka 2024 maji yalifikia kimo ambacho hakijaonekana tangu miaka ya 1960, yakaingia nyumba, masoko na barabara za kando. Uvira ilipigwa pande mbili: Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka kutoka milimani ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, na chini ziwa likawa linapanda. Wakati huohuo joto linayanyima maji ya juu rutuba inayopaswa kupanda kutoka kilindini. Utafiti wa Catherine O'Reilly na wenzake katika jarida la Nature, mwaka 2003, ulikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Ndakala kuadimika sokoni kwetu si kosa la wavuvi peke yao.

Hapa mpango na ardhi hupishana kwa namna mpya. Nchi nne zilitia sahihi mkataba wa ziwa mwaka 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao Bujumbura. Lakini fedha nyingi huja kwa kila nchi kivyake, na ukuta wa Bujumbura hauwezi kushusha maji, wala uzoaji wa mchanga Lukuga hauwezi kuamuliwa na Kalemie pekee bila kuwagusa wa Ujiji na Mpulungu. Na hata Lukuga ikifunguliwa kwa ustadi wote, historia inasema ziwa hili hupanda na kushuka kwa mita, wala si kwa sentimita. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mradi wowote wa ufuoni ingekuwa kuamua nani asijenge wapi, na wanaohamishwa wapate kiwanja chenye hati, maji na njia ya kufikia mitumbwi yao. Kazi hiyo ni ngumu kuliko ukuta kwa sababu ina wenyewe, wapangaji, wapiga kura na chifu. Ndiyo maana huachwa, na mchanga ukajazwa kwenye magunia.

Fedha ya dhamana

Mafundi wa Lubumbashi wanaujua utaratibu mmoja ambao wapanda miti hawaujui. Katika mikataba ya ujenzi, mwenye kazi huzuia sehemu ya malipo ya mkandarasi mpaka jengo lipite muda wa uangalizi. Ukuta ukipasuka katika muda huo, mkandarasi anarudi kuuziba kwa fedha zake, la sivyo fungu lile halioni. Utaratibu huo ni wa kila siku katika barabara na majengo. Katika miche ya mikoko, ya mivinje, na ya miti inayopandwa kila msimu wa mvua pembezoni mwa mji wetu, siuoni. Shirika hupanda, hupiga picha, hufunga ripoti, na kiangazi kinapokausha nusu ya miche hakuna mkataba unaomrudisha mtu.

Pendekezo langu ni hilo. Katika kila mradi wa ufuo unaokuja Muanda, Kalemie au Uvira, sehemu ya fedha izuiwe mpaka misimu miwili ya mvua ipite, na itolewe kwa hesabu ya kilichosimama: mti ulio hai, mtaro unaopitisha maji, pampu inayotoa maji. Hesabu ifanywe mbele ya wakazi, na mtu asiyelipwa na mradi, kwa mfano kundi la wanafunzi wa chuo kikuu cha karibu.

Kuna pingamizi la haki: vikundi vya kina mama na wavuvi havina akiba ya kungojea miaka miwili. Wasingojezwe. Vibarua walipwe jioni ya siku waliyofanya kazi. Kinachozuiwa kiwe fungu la usimamizi la shirika linaloendesha mradi, yaani magari, ofisi na washauri. Likishatolewa, sehemu yake iende kwa kikundi kitakachobaki na funguo za pampu. Pingamizi la pili ni kwamba mafuriko hayamwulizi mtu, na mche unaweza kufa bila kosa la yeyote. Mikataba ya ujenzi imekwisha kulitatua hilo kwa kutenganisha ajali na kazi mbovu. Mlilana ulioangushwa na tufani ni ajali. Mkoko uliochomekwa mahali pa mlilana ni kazi mbovu.

Utaratibu huu ungebadilisha hata mazungumzo ya mwanzo. Shirika linalojua kwamba litalipwa kwa miti iliyosimama lingemtafuta mvuvi kabla ya kuchora ramani, limwulize maji hufika wapi wakati wa bamvua na nani hulima pale. Lingekataa tope lisilo na mwenyewe, na lingedai haki ya wenyeji iandikwe kabla ya mche wa kwanza, maana bila haki hiyo hakuna atakayelilindia fungu lake. Mkandarasi wa ukuta wa mawe hukubali sharti hilo kila anapotia sahihi. Shirika linalokataa kulikubali kwa mti limekwisha kutuambia linavyoutegemea mti huo kuishi.